Virusi vya Zuhura na Dawa ya Bure

Juzijuzi tumemzika Bi Asumini kule Chiola, jua likiwa la kuchoma visigino, na msibani watu walikuwa na neno moja tu: yule kala chumvi nyingi. Ni kweli alikula. Meno yalikuwa yamekwisha kitambo, ugali akimegewa na kuloweshwa kwenye mchuzi wa mbaazi, lakini akili yake ilikuwa timamu hata siku ya mwisho alimgombeza mtu kwa kumwaga maji ya kuoshea vyombo njiani. Tulikaa wanawake kwenye jamvi, tunachambua mchele, na mmoja akauliza, huyu bibi alikuwa anakula nini hata akafika huku? Mmoja akasema ming'oko, alikuwa anachimba mwenyewe porini. Mwingine akasema uji wa mtama bila sukari. Mwingine akasema hasira, maana mtu mwenye hasira hata kifo kinamwogopa. Wakacheka kidogo, cheko la msibani, la kufunika mdomo na kanga. Mimi niliendelea kutoa mawe kwenye mchele. Nilikuwa najua alichokuwa anakula. Aliniambia miaka mingi nyuma: "Somoe, nikiwa hai ushone mdomo. Nikishafukiwa, simulia, huenda ikamfaa mtu." Basi keshafukiwa. Wa kwake nimewasimulia kwanza, wakalia, wakanipa ruhusa, sasa nakusimulia wewe.

Niseme mapema kwamba shule sikukaa. Niliingia, nikatoka, baadaye nikajua kusoma kwenye kisomo cha watu wazima, na hadi leo nikisoma natembeza kidole. Habari za baba yangu na mama yangu na nani alimzaa nani nitaziacha, mtu akizitaka aende makaburini akaulize. Mimi nautaka mwaka mmoja tu, mwaka ambao kompyuta ya Zuhura pale Ruangwa iliugua. Wakati huo nilikuwa mwanamke wa nguvu, gunia la mkaa nalibeba mwenyewe huku naimba. Simu za kupangusa zilikuwa bado. Simu zilikuwa za kubonyeza, na anayo mmoja, kumi wanapigiwa hapohapo.

Nilikuwa na banda la chai nyuma ya soko, si mbali na zinapolala basi. Asubuhi chai na mihogo ya kuchemsha, saa nne supu ya mbuzi na chapati, mchana ugali na kisamvu. Ukuta wangu wa kushoto ulikuwa wa mabati, na nyuma ya bati hilo ndipo palipokuwa na steshenari ya Zuhura. Bati lilikuwa na matundu ya misumari ya zamani. Sikuwa nasikiliza, lakini masikio hayana mlango. Nilijua nani ameandikiwa barua ya kuomba kazi, nani amechapiwa kadi za harusi, diwani gani ameandikiwa risala na amesahau kulipia. Chumba chenyewe kilikuwa kidogo, ukinyoosha mikono unagusa kuta, lakini kilikuwa kisafi kama chumba cha mwali. Kompyuta ilikuwa ya zile zenye kisogo, imetuna nyuma kama mtungi. Jioni Zuhura aliifunika kitambaa alichokidarizi mwenyewe, maua mekundu na majani ya kijani, na asubuhi alikikunja taratibu kama mtu anayemfunua mtoto aliyelala. Printa ikianza kutafuna karatasi, supu yangu ilikuwa inatikisika sufuriani. Niliupenda mtikisiko ule. Ulikuwa unaniambia Zuhura amepata mteja.

Zuhura alikuwa mjane. Mumewe alikufa kwa ajali ya lori, Ruangwa nzima ililiona lile lori, lakini miaka ile mjane hata mumewe angekuwa ameliwa na simba, watu walitazama kiuno chake kama kinapungua. Akikohoa, walitazamana. Vijana wa leo hamjui hofu ile ilivyokuwa. Neno virusi lilikuwa na maana moja tu, na lilisemwa kwa sauti ya chini, kama jina la jini. Tuliona watu wakitengewa sahani na kikombe. Tuliona mtu anafariki nyumba nzima inasema ni malaria. Sasa, ndani ya hofu hiyo, Zuhura akapata bahati. Bakari, fundi cherehani wa Nachingwea, alikuja kuchapa tangazo la biashara yake, akarudi kuchapa jingine, akarudi tena wakati hana la kutangaza. Posa ikaletwa, kishika uchumba kikapokelewa. Zuhura akaanza kuimba nyuma ya bati.

Ndipo mashine ikaugua. Asubuhi moja nikamsikia anabonyeza, anabonyeza, kimya. Nikaingia. Mafaili yote ya wateja yalikuwa yamegeuka vivuli. Majina yapo, lakini kila jina lina kimshale kidogo pembeni, na ukilifungua hamna kitu, kama kufungua chungu ukakuta moshi. Risala, mitihani ya shule, kadi, barua za watu, vyote vimekwenda. Na ubaya wake, kila aliyechomeka flashi yake pale aliondoka na ugonjwa, akaupeleka ofisini kwake au shuleni kwake.

Mmoja wa walioondoka nao alikuwa Mwalimu Chande wa sekondari, mtu mwema lakini ana sauti ya paredi. Alikuja siku ya soko, amesimama katikati ya wauza nyanya na wauza dagaa, flashi mkononi, na akapaza:

"Jamani, kwa Zuhura msichomeke! Mimi nimechomeka mara moja tu, nimeondoka na virusi!"

Soko lilinyamaza. Nasema soko, na hakuna kitu kigumu kunyamaza kama soko. Halafu likalipuka. Wengine walikaa chini kwa kicheko. Mwalimu mwenyewe alikuwa hajui amesema nini, anazungukazunguka na kiflashi chake kama aliyeokota jino. Ningecheka na mimi, ila kwenye benchi langu alikuwa ameketi mzee mmoja na bakuli la supu, na mzee yule alikuwa mshenga wa Bakari. Alikuwa amekuja kupanga siku ya mahari. Aliweka kijiko chini.

"Zuhura gani huyo?" akaniuliza.

"Mzee wangu, wanasema kompyuta. Kompyuta ndiyo ina virusi."

"Kompyuta?" Alinitazama kwa huruma, kama mtu aliyeongopewa na mtoto. "Kompyuta inavipatia wapi, mama? Inatembea usiku?"

Mimi mwenyewe nilikuwa sijui. Alilipa supu aliyoila nusu, akapanda gari la Nachingwea, na neno likapanda naye.

Kuanzia hapo printa haikutikisa supu yangu tena. Watu walipita mlangoni kwa Zuhura kama wanaopita penye nyuki. Mteja wangu mmoja, mtu mzima mwenye kofia ya viua, aliniuliza kama vikombe vyangu anavinywea na yule jirani. Nilimwambia vikombe vyangu wamevinywea hata wachawi, mbona hukuuliza? Lakini ndani niliumia. Zuhura alikuja jikoni kwangu, akakaa kwenye kibao cha mbuzi ya nazi, kanga kaivuta hadi machoni.

"Nikapime, dada Somoe. Nikapime nilete cheti."

"Cheti gani, shoga? Mtaa mzima unajua una printa. Watasema umekichapa mwenyewe."

Akanitazama, akacheka, kicheko kikageuka kilio hukohuko njiani. Maana ilikuwa kweli. Mtu pekee Ruangwa ambaye karatasi isingemwokoa alikuwa yule anayetengeneza karatasi.

Haikupita muda, ikaja salamu kutoka Chiola. Shangazi yake Bakari, dada wa baba yake, Bi Asumini, anakuja mwenyewe. Kwenye ukoo ule hakuna posa iliyopita bila kinywa chake. Salamu ilikuwa fupi: anakuja kutazama huo ugonjwa, na kama ni kweli, anaondoka na kishika uchumba chao. Na sote tulijua akiondoka nacho, si ndoa peke yake imekwenda. Ni jina la Zuhura, na steshenari, na pale pa kuishi. Angefunga kitambaa chake cha maua, ahame mji.

Fundi mmoja alipita kutoka Lindi, akaitazama mashine, akasema inabidi kuifuta yote ianze upya kama shamba jipya. Na kazi za watu? Zinaungua na majani. Au, akasema, ununue programu ya kulinda, lakini hiyo inahamia ndani ya mashine na kila mwaka unailipia, na mashine hii ni nzee, ikiingia hiyo haitabaki nafasi ya kuandika hata jina lako. Nilisema moyoni, huyo si mganga, huyo ni mpangaji anayedai kodi kwa mwenye nyumba.

Sasa nimlete Masanja. Masanja alikuwa wa wale wafugaji waliokuja na ng'ombe kutoka Usukumani, wamepiga kambi Matambarale. Siku zile hatukupatana vizuri nao, ng'ombe hawajui mpaka wa shamba la muhogo, na mkulima naye hana subira, kila wiki kesi kwa mtendaji. Lakini Masanja alikuwa ananiletea maziwa kwa baiskeli, ya kweli, hayana maji, na aliniita mayu, yaani mama kwa kwao. Siku moja alikuwa anapima maziwa, Mwalimu Chande ameinama kwenye chai, amejaa aibu, na mimi nalalamika habari za Zuhura. Masanja akasema:

"Hiyo si ya kufuta, mayu. Iko dawa yake. Inakaa kwenye flashi."

Mwalimu akainua kichwa. "Bwana Ng'ombe, na wewe una dawa ya kompyuta? Ya kupe au ya minyoo?"

"Ya kupe, mwalimu. Wewe ulichopata ni kupe. Si unajikuna?"

Hata Mwalimu alicheka. Kumbe Masanja, kabla baba yake hajamwita wahame na mifugo, alikuwa anafanya kazi kwenye duka la intaneti Mwanza. Akasema anapeleka ng'ombe Lindi, huko kuna mtandao, ataishusha. Mwalimu akavua flashi yake nyingine, mpya, ina kiswichi ubavuni. Ukikisukuma flashi inajifunga, kitu kinatoka lakini hakiingii. Akampa. "Chukua hii," akasema. "Mdomo wangu ndio ulioharibu. Hii haishiki ugonjwa."

Siku Bi Asumini alipofika, nilikuwa nimechemsha chai ya tangawizi na maandazi ya nazi, na nimefagia mpaka njia. Alishuka kwenye pikipiki mwanamke mrefu, mwembamba, wa umri wa kuwa mama yangu, mashavu yameingia, kanga mbili zimenyooka kama zimepigwa pasi mwilini. Hakukubali kiti cha Zuhura. Alisimama mlangoni, akasalimiwa, akaitikia kama anayehesabu. Chai alikataa.

"Nani mgonjwa hapa?"

"Mashine, shangazi," Zuhura akasema.

"Na wewe?"

"Mimi mzima, alhamdulillahi."

"Tutaona. Mganga yuko wapi?"

Masanja akaingia, amevua kofia, harufu ya maziwa inamtangulia, flashi imening'inia shingoni kwa uzi. Bi Asumini akamtazama kuanzia viatu.

"Huyu? Si mchunga huyu?"

"Mimi ni mchunga, bibi. Dawa ninayo."

"Umenunua kiasi gani?"

"Bure, bibi. Haiuzwi."

Nakwambia alifunga mtandio, akageuka kuondoka. "Basi tusichoshane. Dawa ya bure haiponyi. Bibi yangu alikuwa mganga, mimi nilimbebea mkoba. Mgonjwa asipoweka kifungua mkoba, ile mizizi inabaki kuni."

"Bibi, walioitengeneza hawataki kitu."

"Mtu asiyetaka kitu, mjukuu wangu, anataka roho yako."

Hapo nilimwona Zuhura anashika ukingo wa meza. Mambo yalikuwa yanaishia mlangoni, kwa neno bure. Na nikueleze, mimi nilikuwa upande wa Bi Asumini. Nimelelewa hivyohivyo. Hata mkunga hakati kitovu akaondoka mikono mitupu, mtoto atasumbuka. Nikasema, "Basi tuiwekee kifungua mkoba. Wao hawataki, lakini sisi tunataka kutoa. Kuna sheria inayokataza?"

Bi Asumini akasimama. Akafikiri. Akafungua pindo la kanga, na ndani ya pindo kulikuwa na ufuta, ufuta mweupe wa msimu ule, alikuwa anautafuna njiani. Akamwambia Masanja kinga mkono. Masanja akakinga, uso umemtoka jasho, akatiliwa ufuta kiganjani. Hakujua aupeleke wapi, akautia mfuko wa shati. "Haya," akasema Bi Asumini, na sasa akaketi, kwenye kiti cha Zuhura, ila alitandika kwanza kanga yake. "Toa dawa."

Masanja alikisukuma kile kiswichi, akachomeka. Nilitegemea kengele, au moshi. Kikatokea kidirisha kidogo tu, cha kawaida, kama dirisha la choo. Akabonyeza mara moja.

"Sasa inaingia kukaa humo?" Bi Asumini akauliza. Alikuwa amesogea bila kujijua.

"Haikai, bibi. Hii haihami, haijengi. Inakuja peke yake na vifaa vyake, inafanya kazi, inatoka."

"Kama ngariba," akasema Bi Asumini.

Mwalimu Chande, aliyeingia nyuma ya Masanja na andazi mkononi, alipaliwa. Lakini ndivyo ilivyokuwa, na sijasikia msomi akieleza vizuri zaidi. Ngariba anakuja jandoni na kisu chake, anakata cha kukata, anaondoka na kisu chake. Haombi chumba.

Majina yakaanza kupita. Sijui nikuelezeje. Mimi ninayesoma kwa kidole, nikaona maneno yanashuka kama mvua ya masika kwenye bati, na ile dawa inalisoma kila moja, haliachi, hata yale majina yaliyojificha ndani ya majina. Kumbe ndani ya kile kisanduku cha Zuhura kulikuwa na nyumba nyingi hivyo, vyumba ndani ya vyumba, na kuna kitu kinapita mlango kwa mlango kinabisha, wewe nani, na wewe nani? Niliona kwamba nimekaa jirani na mji mkubwa miaka yote, nyuma ya bati, na nilidhani ni printa tu. Taa ikafifia, umeme wa siku zile ulikuwa na kwikwi, na sote watano tukainua macho kwenye balbu kama waumini. Ikarudi. Zuhura akapumua.

Halafu maandishi yakawa mekundu.

"Kimoja hicho," Masanja akasema.

"Kiko wapi?" Bi Asumini ameinama mpaka pua inagusa kioo. "Mbona hakina kichwa wala mguu?"

"Havina umbo, bibi. Ni maneno tu. Mtu kaandika maneno mabaya, yanajinakili yenyewe."

"Maneno," akasema taratibu. Akamgeukia Mwalimu. Mwalimu akatazama viatu vyake.

Kikatoka kingine, na kingine. Mstari wa kijani ukajaa mpaka mwisho. Masanja akabonyeza, akafungua pale yalipokuwa mafaili, na vile vimshale havipo. Vivuli vimeondoka, wenyewe wamerudi. Zuhura akafungua moja, akasoma kwa sauti, ilikuwa kadi ya harusi ya watu wa Nandagala, mnakaribishwa wote. Mafaili hayakuwa yamekufa. Yalikuwa yamefichwa tu, yako hapo hapo, yanatusikia tukiyalilia. Zuhura alifunika uso na kile kitambaa cha maua. Masanja akachomoa flashi, akaivaa shingoni.

"Na dawa?" Bi Asumini akauliza.

"Ndiyo hii, nimeitoa."

"Ndani kumebaki nini?"

"Hakuna, bibi. Imebaki mashine yenyewe."

Nilimuuliza Masanja, nani ametengeneza kitu hiki? Akasema watu tu, mayu, wako mbali. Wanatujua? Hawatujui. Wanajua kuna Ruangwa? Hawajui. Nimeishi sana, nimeona mabomu ya fataki na ndege ikitua Nachingwea, lakini hakuna kilichonishangaza kama hicho: mtu amekaa chini, ameumiza kichwa, ametengeneza dawa, ameiacha njiani ili mtu asiyemjua aiokote. Mpaka leo nawaombea dua bila majina.

Mwalimu Chande akasimama, akatoa flashi yake ya mwanzo, ile mbovu, Masanja akaitibu nayo, kisha Mwalimu akaenda mlangoni ambako watu walikuwa wamejazana wanachungulia. "Nachomeka kwa Zuhura!" akapaza kwa sauti yake ileile ya paredi. "Na naondoka mzima!"

"Mwalimu," Bi Asumini akasema, amefunika mdomo kwa kanga, mabega yanacheza, "sema polepole, baba. Maneno hayohayo ndiyo yaliyonipandisha pikipiki." Halafu akafuta machozi ya kicheko, akamgeukia Zuhura. "Ile chai iko wapi? Nitilie kwenye kikombe chako. Si cha mgeni. Chako."

Hakusema neno jingine kuhusu posa, na halikuhitajika. Alikunywa mbele ya watu wote mlangoni, akakomba mpaka tangawizi ya chini.

Nilidhani yameisha. Nikarudi jikoni, nageuza chapati za mchana, na Bi Asumini akanifuata kunawa mikono. Alinawa muda mrefu. Bila kugeuka akaniuliza:

"Somoe, umeona kwa macho yako. Ilikuwa ya bure kweli?"

"Ya bure, mama."

"Na imefanya kazi."

"Imefanya."

Akachomoa kitu kifuani. Kichupa cha dawa, cheupe, kimejaa. Alikitikisa, hakikulia. Alikuwa amekijaza pamba, ili kisicheze kama kayamba watu wakasikia. "Hospitali wananipa hivi kila nikienda. Nachukua, namwaga shimoni. Nilisema hawa wanagawa bure, watakuwa wanagawa takataka. Nani anampa maskini kitu chema bila kifungua mkoba?" Kisha akanieleza kilichokuwa mwilini mwake, kwa neno lilelile, kwa sauti ileile ya chini. Mashavu yale yaliyoingia nikayaelewa. "Sikuja kumkataa Zuhura. Nilikuja kuona kama namwoza Bakari pale ninapopajua mimi. Sikumtakia."

Chapati iliungua. Niliiacha iungue.

"Mama, zako zinaondoa kama ile?"

"Wanasema haziviondoi. Zinavilaza. Ukiacha kumeza vinaamka."

"Basi vilale."

"Lakini ile tuliiwekea ufuta," akasema, na sasa alikuwa na uso wa mtoto anayebishana na usingizi. "Hizi sikuziwekea. Nimwekee nani? Yule nesi? Atasema namhonga, wanifunge na uzee huu."

Sijui nani alinitia neno mdomoni. Nikafuta unga, nikakinga kiganja. "Niwekee mimi. Napokea kwa niaba yao." Akafungua pindo, akanitilia ufuta uliobaki, nikafumba mkono. Akachota maziwa ya Masanja kwenye kata, akameza kidonge cha kwanza, macho amefumba, kama anaruka mto.

Zuhura na Bakari walioana msimu huohuo, kadi walichapa wenyewe, zikazidi waalikwa. Masanja bado yuko Matambarale, siku hizi analeta maziwa kwa pikipiki, na ile flashi ilimzungusha ofisi nyingi, na kila mahali alikataa hela, na kila mahali alirudi na ufuta, mayai, mara moja kanzu. Na mimi, kila ufuta ulipovunwa, nilipata kifurushi kutoka Chiola, kimefungwa kwenye kipande cha kanga. Nilikaanga kashata, wateja wakala hawajui wanachokula. Watu walihama, watu walizikwa, steshenari ikapata mashine bapa kama sinia, na kifurushi kikaja tu.

Siku ya msiba, nikitaka kupanda gari, Bakari akanikimbilia na kifurushi mkononi. Mafundo yalikuwa ya Bi Asumini, nayajua.

"Mama Somoe, shangazi alisema huu wako, na wa mwisho. Hivi mlikuwa na nini nyie wawili?"

"Ni ada, mwanangu."

"Ada ya nini?"

"Keti nikueleze," nikamwambia. "Muite na mkeo."

Ufuta huo sikuukaanga. Wiki iliyofuata nilipanda gari la Nachingwea, nikapanga foleni hospitali alikokuwa anakwenda Bi Asumini, kwenye dirisha lile la dawa ambapo watu husimama wamegeuza nyuso. Zamu yangu ilipofika nikaweka kifurushi mbele ya nesi, binti mdogo, kalamu sikioni. Akakigusa kwa kidole, akanitazama.

"Bibi, hiki cha nini? Dawa hapa ni bure."

"Najua, mwanangu," nikasema. "Pokea."